Taa za pikipiki kuukuu: fuata njia ya umeme kabla ya kununua globu

Pikipiki iliyokaa miaka kumi kwenye hewa ya Dar es Salaam huanza kuleta visa vya taa kabla injini haijachoka. Chumvi ya baharini, joto, mvua za masika na za vuli, maji ya Jangwani yakijaa, mashine za presha kwenye vibanda vya kuoshea: vyote hivyo hushambulia sehemu ileile, yaani pale waya unapokutana na waya mwenzake au unapofungwa kwenye chuma. Ndiyo maana taa inayofifia, inayokatakata au inayounguza globu kila wiki mara nyingi haina shida ya globu. Mwenye chombo anashuka Kariakoo, ananunua globu, kisha fleisha (kidude kinachopepesesha indiketa), kisha betri, na baada ya siku chache tatizo linarudi, kwa kuwa umeme bado unapita njia ileile mbovu.

Na jambo hili si la urembo. Taa ya nyuma iliyokufa usiku kwenye Barabara ya Mandela, katikati ya malori yanayotoka bandarini, ni hatari kuliko kasoro nyingi ambazo madereva huzikimbilia gereji.

Maelezo haya yanafaa pikipiki ndogo za zamani zenye globu za kawaida: Honda CG125 na nyingi za Kichina zilizoiga injini yake, Boxer na TVS zilizokwisha kutembea sana, pamoja na Yamaha na Suzuki za miaka ya 1980 na 1990. Unachohitaji ni mita ya digitali ya bei ndogo, globu ya volti 12 yenye wati 21 iliyoungwa waya mbili zenye klipu, msasa laini, bisibisi, spana namba 8 na 10, na mita mbili tatu za waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1.

Umeme wa aina mbili ndani ya chombo kimoja

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika pikipiki nyingi ndogo za zamani, taa zote hazili sahani moja. Indiketa, honi na taa ya breki hulishwa na betri, na umeme wake ni mkondo mnyoofu, ule ambao mita huuandika DC. Taa kubwa ya mbele, na mara nyingi taa ya nyuma ya usiku na za dashibodi, hulishwa moja kwa moja na koili ya taa iliyo ndani ya magneti, yaani kile kizalisha umeme kinachozungushwa na injini. Umeme huo ni mkondo geu, ule ambao mita huuandika AC, na haupiti kwenye betri hata kidogo.

Kuujua mfumo wa pikipiki yako ni kazi ya dakika moja. Injini ikiwa imezimwa, fungua ufunguo, piga honi, washa indiketa, kisha washa taa kubwa. Kama honi na indiketa zinafanya kazi lakini taa kubwa imekaa kimya, piga kiki. Ikiwaka injini inapounguruma na mwanga ukapanda unapovuta mafuta, taa hiyo ni ya magneti. Kufifia kwake kwenye saileni, yaani injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika, ni tabia yake ya kuzaliwa, na betri mpya haitabadilisha kitu. Kama taa kubwa inawaka hata injini ikiwa imezimwa, basi inalishwa na betri, na kufifia kwake kuna maana nyingine: betri haichajiwi, au kuna muunganiko unaokula volti njiani.

Mgawanyo huu unakuokoa na ubashiri mwingi. Fyuzi ikiungua na honi, indiketa na breki vikafa kwa pamoja huku taa kubwa ikiendelea kuwaka, usishangae: kwenye pikipiki nyingi umeme wa koili ya taa haupiti kwenye fyuzi. Kinyume chake, taa kubwa ikifa peke yake huku honi ikilia vizuri, achana na betri. Anza na koili, rektifaya, swichi ya mkononi na soketi ya globu.

Rektifaya ndiyo mahali mifumo hii miwili inapokutana. Kwenye Honda za aina ya CG na nyingi za Kichina ina waya nne. Njano hutoka koili ya taa, nyeupe hutoka koili ya kuchaji, nyekundu huenda chanya ya betri, kijani ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi. Kazi yake ni mbili: kunyoosha mkondo wa nyeupe ili uchaji betri, na kuzuia volti za njano zisipande kupita kiasi kwa kuzimwaga kwenye ethi. Shika sana hilo la kumwaga kwenye ethi, maana linaeleza kuungua kwa globu nyingi.

Tahadhari moja kuhusu rangi. Kwa Honda, kijani ni ethi na nyeusi ni chanya inayopitia ufunguo. Kwa Yamaha, nyeusi ndiyo ethi, na kahawia ndiyo chanya ya ufunguo. Aliyezoea Yamaha akifunga waya mweusi wa Honda kwenye fremu, anapiga shoti siku hiyohiyo. Pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi wengi huwa pia na waya za rangi zisizo zake, kwa hiyo pima kwanza, usiamini jicho.

Tena kuna zile kongwe za volti 6, kama CG125 za mwanzo za miaka ya 1970. Globu ya volti 12 ukiiweka humo itawaka kama makaa. Baadhi ya pikipiki za namna hiyo hazikuwa na kidhibiti chochote cha taa, na globu zenyewe ndizo zilizobeba mzigo wa koili. Ya mbele ikiungua, ya nyuma hupokea volti nyingi kupita kiasi na kuifuata muda mfupi baadaye. Humo wati za globu lazima ziwe zilezile za kiwandani.

Ethi, mgonjwa anayesahaulika

Umeme ukishapita kwenye globu lazima urudi. Katika pikipiki hurudi kupitia fremu na waya wa ethi hadi hasi ya betri, au hadi kwenye injini ambako koili zimefungwa. Fremu ikishapakwa rangi upya, madigadi ya nyuma ikishakuwa ya plastiki, bolti ikishaota kutu, njia hiyo hukatika. Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine, na hapo ndipo vinazaliwa vile visa vinavyoonekana kama uchawi.

Chukua taa ya nyuma ya wati 21/5, globu yenye waya mbili ndani: wa wati 5 kwa usiku, wa wati 21 kwa breki. Ethi ya soketi ikikatika, unakanyaga breki na umeme unaingia kwenye waya wa breki, unakosa pa kutokea, unarudi kinyumenyume kupitia waya wa usiku hadi kwenye taa za dashibodi, na huko ndiko unapata ethi. Matokeo yake, badala ya breki kuwaka kwa nguvu, taa ya usiku inawaka hafifu na dashibodi nayo inang'aa kidogo. Vivyo hivyo, ukiwasha indiketa ya nyuma na taa ya usiku ikaanza kupepesa nayo, indiketa na taa hiyo zinachangia ethi moja ambayo imekufa. Hakuna globu wala fleisha itakayotibu hilo.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua waya mmoja mrefu, ncha moja ifunge kwenye hasi ya betri, nyingine igusishe kwenye chuma cha soketi ya taa inayosumbua. Taa ikifufuka, umempata mgonjwa. Kwangua rangi na kutu chini ya bolti ya ethi hadi chuma king'ae, funga na washa yenye meno, kisha paka grisi juu yake. Grisi huja baada ya kufunga, kazi yake ni kuzuia maji. Penye madigadi ya plastiki, pitisha waya mpya wa ethi kutoka kwenye soketi hadi hasi ya betri na uache kabisa kutegemea bolti.

Kupima volti zinazopotea

Kosa linalofanyika kila siku ni kuchomoa globu, kugusisha mita kwenye soketi, kusoma volti 12 na kutangaza kwamba waya ni mzima. Mita haivuti umeme wa kutosha kuuonyesha ugonjwa. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 bila mzigo. Ukiupa globu ya wati 21, huporomoka. Kwa hiyo pima taa ikiwa imewashwa na globu ikiwa mahali pake, au tumia ile globu yako ya majaribio.

Anza na taa ya breki. Funga pedeli ya breki kwa kipande cha mpira wa tyubu ili taa ibaki imewaka, weka mita kwenye volti za DC. Gusisha waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye ncha ya chanya ya globu. Namba unayosoma ni volti zilizopotea njiani. Chini ya nusu volti ni sawa. Ikizidi volti 1, kuna muunganiko mbovu. Kisha upande wa kurudi: chuma cha soketi hadi hasi ya betri, hapo isizidi volti 0.2 hivi. Ukishajua upande wenye hasara, sogeza ncha ya mita hatua kwa hatua: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya breki, soketi. Pale namba inaporuka ghafla ndipo pa kufungua.

Taa kubwa ya magneti hupimwa hivyohivyo, injini ikiunguruma na mita ikiwa kwenye volti za AC, kati ya waya wa njano penye rektifaya na ncha ya globu. Fahamu tu kwamba wimbi lililokatwa na rektifaya huichanganya mita ya bei ndogo, kwa hiyo tumia namba zake kulinganisha sehemu na sehemu, usizichukue kama kipimo kamili.

Kwa nini volti moja ilete kelele? Globu ya wati 35 kwenye volti 12 huvuta ampea 2.9. Muunganiko wenye ukinzani wa omu nusu tu hula zaidi ya volti 1. Na mwanga wa globu haushuki sambamba na volti: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Zile wati tatu na ushee zinazopotea kwenye muunganiko hugeuka joto, nalo ndilo linaloyeyusha plastiki ya soketi na kuzidisha ubovu. Soketi iliyobabuka rangi ya kahawia imekwisha kukupa jibu.

Sehemu zinazougua zaidi zinajulikana. Kwanza ni soketi ya globu ya mbele, ambapo vibati vya shaba hulegea kwa joto. Pili ni viunganishi vilivyomo ndani ya kikombe cha taa kubwa, ambavyo huota unga wa kijani. Tatu ni shingo ya pikipiki: kila unapokata kona waya hujikunja pale, na nyuzi hukatika ndani ya plastiki bila kuonekana nje. Washa taa, geuza usukani taratibu kushoto na kulia. Ikikatakata, shingo ndiyo yenye shida. Nne ni swichi ya mkononi ya kubadili taa ya juu na ya chini. Ifungue juu ya kitambaa cheupe, maana ndani mna springi na gololi ndogo zinazoruka na kupotea. Safisha vibati kwa msasa laini sana na dawa ya kusafishia umeme, kisha paka vaselini kidogo.

Unapounga upya, kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa. Waya mweusi kama mkaa ndani haushiki risasi na hautadumu. Lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi ni kujiahidi kazi ya pili: gundi yake huyeyuka kwa joto la hapa, maji yakaingia na kukaa.

Fyuzi inayoungua

Itazame fyuzi kabla ya kuitupa. Kioo kikiwa cheusi au kimepakwa kitu kama fedha, kulikuwa na shoti kali. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati tu, mzigo ulizidi kidogo kidogo. Kuifunga kwa karatasi ya sigara au uzi wa shaba ni kuhamishia moto kwenye waya zilizo chini ya tenki la petroli. Tafadhali usifanye, na ukikuta umefanyiwa, anza kwa kuondoa.

Shoti hukamatwa na globu ya wati 21. Toa fyuzi, funga klipu mbili za globu kwenye ncha mbili za kishikizo chake. Sasa globu ndiyo fyuzi, na haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 1.75 hivi, kwa hiyo hakuna kitakachoungua wakati unatafuta. Ikiwaka kwa nguvu ufunguo ukiwa umefungwa, shoti ipo kati ya betri na ufunguo: chomoa rektifaya, na ikizimika, rektifaya imekufa. Ikiwaka kwa nguvu baada tu ya kufungua ufunguo, chomoa soketi moja moja. Tikisa waya chini ya tenki, shingoni na pale zinapotoboa madigadi ya nyuma bila kimpira cha kinga. Sekunde globu inapofifia au kuzimika, mkono wako upo kwenye tatizo. Kuwaka hafifu unapokanyaga breki si shoti, ni globu mbili zinazogawana volti.

Globu zinazokufa mapema

Globu iliyokufa nayo husema. Kioo kilichoingia weusi au rangi ya fedha kimeteswa na volti nyingi. Kioo safi chenye waya uliokatika mguuni na kuning'inia kimeuawa na mtikisiko: tafuta raba za taa zilizochakaa au soketi iliyolegea. Kioo cheupe kama maziwa kimeingiza hewa.

Kwa volti nyingi, pima betri injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 hadi 5,000: 13.8 hadi 14.5 ni afya, zaidi ya 15 ni hatari. Kabla ya kununua rektifaya mpya, kagua waya wake wa kijani. Kwa kuwa hudhibiti taa kwa kumwaga umeme wa ziada kwenye ethi, waya huo ukikatika haina pa kumwagia, na volti za njano hupanda kadiri unavyovuta mafuta hadi globu ilipuke. Rektifaya nyingi nzima hutupwa kwa kosa la bolti moja yenye kutu.

Globu za halojeni usizishike kwenye kioo kwa vidole. Mafuta ya ngozi huacha doa linalopasua kioo kikipata moto. Na usibadilishe globu ya wati 35/35 kwa ya wati 60/55 ukidhani utapata mwanga zaidi. Wati 60 ni ampea 5. Koili iliyotengenezwa kwa wati 35 haiwezi kuzitoa, volti zitaporomoka, mwanga utakuwa mwekundu na soketi itayeyuka.

Indiketa

Indiketa zote zikigoma, unganisha waya mbili za fleisha kwa kipande cha waya na uwashe upande mmoja. Zikiwaka bila kupepesa, fleisha imekufa. Zisipowaka kabisa, tatizo liko kwingine. Upande mmoja ukipepesa haraka mno, au ukiwaka bila kupepesa, hesabu globu: fleisha imepangiwa mzigo fulani, na globu moja ikiungua, au ya wati 10 ikiwekwa penye wati 21, mdundo huharibika.

Kuna kisa kinachowachosha mafundi wengi: baada ya kuweka globu za LED, ukiwasha kushoto zinapepesa zote nne. Chanzo ni ile taa moja ndogo ya indiketa kwenye dashibodi, ambayo imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia. Umeme hupita ndani yake kwenda upande wa pili. Kiasi hicho hakitoshi kuamsha globu ya zamani, lakini LED hutosheka nacho. Tiba ni dayodi mbili za 1N4007, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu: moja kutoka waya wa kushoto, moja kutoka wa kulia, zote zikielekea kwenye ncha moja ya taa hiyo, mistari ya fedha ikiwa upande wa taa, na ncha ya pili ya taa ifungwe ethi. Na fleisha nayo iwe ya LED.

Kuhamishia taa kubwa kwenye betri

Hili hufanywa sana ili taa ing'ae hata kwenye saileni. Kwa globu ya wati 35 ni hesabu mbaya: unavuta ampea 2.9 kutoka betri ya ampea-saa 5 au pungufu, na kwenye foleni ya Mbagala koili ya kuchaji hairudishi kiasi hicho. Betri inalala, selfu inagoma, na baada ya miezi michache unanunua nyingine. Njia safi ni mbili. Ya kwanza ni kuondoa ethi ya koili ya taa ndani ya magneti na kuweka rektifaya inayotumia wimbi zima. Hiyo ni kazi ya fundi anayeijua. Ya pili ni LED ya wati 10 hadi 15, inayovuta takribani ampea 1, ikilishwa na betri kupitia ufunguo, kwa waya wake na fyuzi yake ya ampea 3. Usiichomeke LED ya mkondo mnyoofu kwenye waya wa njano. Itapepesa kisha ife.

Baada ya kuiweka, ielekeze. Kioo cha taa kilichochorwa kwa globu ya zamani hutawanya mwanga wa LED na kumpofusha anayekuja. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mtu akiwa ameketi juu yake, washa taa ya chini. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hivi chini ya kimo cha katikati ya taa. Ukiwa juu ya hapo, legeza bolti za kikombe na uinamishe.